Mkono wa Mama Mauwa na Dirisha la Bwana Rémy

Wananchi wa Kindu, wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile ya Lualaba, tulizeni vikohozi! Leo gazeti hili la shule yetu linafungua dirisha la historia.

Au tuseme linajaribu. Kishikio kimebaki mkononi mwa Mama Philomène, na dirisha lenyewe halina habari.

Ni saa mbili na nusu asubuhi, komini ya Kasuku. Mama Philomène, muuza vitenge, amesimama katikati ya sebule yake akishika kipande cha shaba kama mtu aliyeachiwa mkia baada ya ng'ombe mwenyewe kuondoka. Chini yake, juu ya gunia lililokunjwa mara mbili, amepiga goti Mama Mauwa Sudi, fundi wa vishikio vya madirisha, umri miaka hamsini na mmoja. Bisibisi iko katikati ya meno, jicho moja liko kwenye tundu.

"Wiki nzima nafunga na kamba ya kitenge," analalamika Mama Philomène, kwa Kiswahili cha Kindu ambamo "njo" ni "ndiyo". "Bwana yangu anasema njo joto ya Kindu. Hapana! Njo dirisha."

Mama Mauwa anatoa bisibisi mdomoni. "Ulikizungusha ao ulikivuta?"

"Nilikivuta kidogo."

"Kidogo namna gani, dada?"

"Kidogo na mikono mbili."

Fundi hacheki, ana kazi. Anakata ukanda mwembamba kutoka kopo tupu la nyanya, anaukunja kwa koleo, anauvisha kwenye kile chuma cha pembe nne kinachoingia ndani ya kishikio. Chuma kilikuwa kimelika kikawa kinacheza, sasa kinabana. Anarudisha skrubu mbili, ambazo Kindu tunaziita visi, anazikaza. Kisha anafanya jambo linalowashangaza wateja wapya: anakwenda kukaa.

"Funga mwenyewe," anasema. "Mara kumi."

Mama Philomène anafunga na kufungua huku akihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Mara ya nne anaanza kutabasamu. Mara ya kumi anasahau kwamba alikuwa na hasira.

Mama Mauwa hapokei malipo kabla ya ile mara ya kumi. "Mimi nikifunga, dirisha inaniogopa," anaeleza. "Acha ifungwe na ule muntu aliyeiharibu."

Kishikio kilicholegea ni faranga elfu tatu. Kilichovunjika, kinachohitaji kuchomelewa, ni elfu saba. Siku njema anapata madirisha manne. Siku nyingine anazunguka na mfuko wake toka kituo cha treni hadi sokoni, na kurudi nyumbani kopo la nyanya likiwa zima. Kwa vishikio hivyo hivyo watoto wake watatu wamemaliza shule.

Ndiyo maana msomaji atashangaa kusikia kwamba wiki mbili zilizopita mwanamke huyu alikuwa tayari kuacha kazi.

Tatizo lilikuwa dirisha moja tu. Liko katika chumba cha kujisomea cha shule yetu ya bweni, lile la mbele, karibu na meza ya msimamizi, Bwana Rémy. Kila siku saa tisa alasiri Bwana Rémy huingia, huvua miwani, hupumua kwa uzito wa mtu aliyebeba elimu ya mkoa mzima, kisha hulifungua dirisha hilo kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mwingine haruhusiwi.

Jumatatu moja kishikio kilimfuata. Bwana Rémy alirudi nyuma hatua tatu, akaketi juu ya kapu la taka, kishikio kifuani. Mashahidi arobaini wanasema hawakucheka. Mashahidi arobaini wanasema uongo.

Mama Mauwa aliitwa, akakaza. Jumatatu iliyofuata kikatoka tena. Akaitwa, akakaza, hakudai hata faranga. Jumatatu ya tatu kikatoka tena, na safari hii Bwana Rémy hakuketi kwenye kapu, kwa sababu kapu alikuwa amelihamisha kwa usalama. Aliketi sakafuni.

Shule ilikuwa imemwahidi Mama Mauwa madirisha thelathini na nane ya bweni jipya. Sasa Bwana Rémy akamwambia, tena kwa upole, jambo lililomuuma kuliko matusi: "Mama, labda tutafute fundi mwingine. Si kwa ubaya. Miaka inapita, kwangu na kwako."

Lakini hayo madirisha thelathini na nane siyo yaliyomvunja. Kwa mwaka mmoja sasa kidole gumba chake cha kulia kinakufa ganzi. Na kila alipokwenda kutazama dirisha la Bwana Rémy, alikuta visi zote mbili ziko mahali pake. Hazikukatika, hazikulika. Zimelegea tu, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuzikaza.

"Muntu gani anaacha visi bila kukaza?" anasema. "Ule ambaye mukono haumwambii tena. Nikajua: njo mimi. Mukono wangu umeanza kunidanganya."

Mumewe, Papa Mpoyi, ni mtu wa Kasai. Alifika Kindu kwa treni akiwa kondakta, na hadi leo hajapata sababu ya kupanda ile ya kurudi. Alijaribu kumchekesha.

"Mamu," alimwambia mezani, akitazama majani ya mihogo yakidondoka kutoka kijiko cha mkewe, "hata sombe iko inakukimbia. Tuuze maji ya baridi. Maji haina visi."

Mama Mauwa hakucheka. "Alhamisi naenda mara ya mwisho," alimjibu. "Nikikaza na kitoke tena, mufuko yangu na vyombo vyote nampelekea fundi Tambwe. Siwezi kuuzia watu mukono uliokufa."

Papa Mpoyi akaweka kijiko chake chini. Katika miaka ishirini ya ndoa hajawahi kumsikia mkewe akitaja kumpa mtu hata koleo.

Ili msomaji aelewe uzito wa mfuko huo, inabidi kurudi nyuma, na hapa hata gazeti hili litavua kofia.

Mwaka 2002, wakati wa vita, mji ulikuwa umezingirwa. Aliyetoka kutafuta mihogo hakuaga kama mtu anayerudi. Watu walikula sombe bila chumvi, kisha wakala bila sombe. Mauwa alikuwa na miaka ishirini na minane, mtoto mmoja mgongoni, akiishi kwa baba yake, Mzee Sudi, fundi wa chuma wa reli, katika kambi ya wafanyakazi wa reli.

Nyumba za kambi zina madirisha ya chuma ya zamani, na vishikio vya shaba. Askari waliokuja kupora walikuwa na njia moja: kuvunja kioo kimoja, kuingiza mkono, kuzungusha kishikio, na wako ndani.

Mzee Sudi akatafuta dawa yake. Funga dirisha, legeza visi mbili, chomoa kishikio. Atakayevunja kioo atapapasa asikute cha kuzungusha. Alipita nyumba kwa nyumba na bisibisi yake, na kabla ya juma kwisha kambi nzima ilikuwa haina kishikio dirishani. Kina mama walipika, walifua na walisali, kishikio kikiwa kimefungwa kwenye ncha ya kitenge.

"Siku moja walivunja vioo vitatu kwetu," anasimulia Mama Mauwa. "Mukono mumoja uliingia. Niliuona unapapasa chuma, unapanda, unashuka, unatafuta. Vidole vya kijana, kucha safi. Baba alinifunika mudomo, mimi nikafunika mutoto. Ule mukono ukachoka. Ukatoka. Ukaenda."

Anaigeuza bisibisi mkononi. "Kijana mwenyewe sikumuona sura. Mukono wake ningeujua hata leo."

Baadaye familia zilianza kukimbia, nyingine kwa mtumbwi, nyingine kwa miguu kufuata reli kuelekea Kibombo. Hakuna aliyetaka kukutwa njiani na shaba. Angeitwa mwizi wa mali ya reli. Kwa hiyo kila nyumba ilipitia kwa Mzee Sudi: "Baba, nitunzie." Akavipanga vishikio sitini na saba ndani ya sufuria kubwa ya kupikia karamu, akaifunika kwa bati, akaizika chini ya banda la kuku.

Kambi nzima ya mafundi, watu waliofungua na kufunga mabehewa maisha yao yote, na hakuna hata mmoja aliyeweka alama. Kishikio ni kishikio, waliwaza. Kumbe vishikio vile vya zamani vina kushoto na kulia: kila kimoja kimepinda kidogo upande wake ili kisigonge fremu.

Mzee Sudi hakuuona mwisho wa vita. Homa ilimchukua kabla. Mwaka uliofuata watu walipoanza kurudi, Mauwa ndiye aliyechimba. Foleni ilifika barabarani. Watu walikumbatiana, wakalia, wakaulizana nani yupo na nani hayupo. Kisha sufuria ikafunuliwa, na undugu ukapumzika kidogo.

"Kila muntu alichukua ile inang'aa!" anacheka Mama Mauwa. "Nilisema, subirini, tujaribu kwanza. Nani atasubiri? Muntu ametoka porini, anataka kufunga dirisha yake leo."

Basi vya kushoto vikaenda kulia, na vya kulia kushoto. Vilipogonga fremu, wenyewe wakavigeuza juu chini, na vikafunga, ila kwa kupandisha badala ya kushusha. Mpaka leo, ukiingia nyumba ya kambi ya reli, usiguse dirisha kabla ya kuuliza. Wageni hushusha kishikio wakidhani wamefunga, kumbe wamefungua. Wenye haraka hulazimisha, na wanaolazimisha huvunja. Wanaovunja humwita Mauwa, binti wa Sudi, mwenye bisibisi ya baba yake. Kazi ilianza hivyo.

Vishikio vichache havikudaiwa na mtu. Mauwa alivitunza miaka miwili, akisubiri wenyewe. Hawakuja. Mwishowe alivitoa bure kwa shule yetu, ambayo madirisha yake yalikuwa yamefungwa kwa waya. Dirisha la Bwana Rémy lilipata kimojawapo. Nacho ni cha upande mwingine, kwa hiyo dirisha hilo hufungwa kwa kupandisha.

Tuvae kofia zetu tena. Ni Alhamisi, saa nane mchana, shule imelala baada ya chakula. Mama Mauwa anaingia chumba cha kujisomea, mfuko begani. Mwandishi wa gazeti hili yuko naye, daftari mkononi, akisukumwa na mapenzi matupu ya ukweli. Yupo pia, kwa bahati tu, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne, ambaye jina lake linahifadhiwa kwa sababu za kimaadili.

Mama Mauwa anakaza visi ya juu, anakaza ya chini. Anahamisha bisibisi kwenye mkono wa kushoto, anakaza tena. Anaangalia kidole gumba chake kama mtu anayemwangalia shahidi asiyeaminika. Halafu anakwenda kukaa, kama kawaida yake.

"We mutoto," anamwita mwanafunzi. "Njoo ufunge."

"Mimi, mama? Mimi sijui dirisha hii. Hapa ni chumba ya mwaka wa sita. Sisi wa mwaka wa nne hatuingiaka."

"Njo vizuri. Muntu asiyejua, njo ule namutaka."

Mwanafunzi ananyoosha mkono na kukipandisha kishikio juu, moja kwa moja, bila kusita. Ta! Dirisha limefungwa.

Mama Mauwa anaweka bisibisi chini. Kwa miaka zaidi ya ishirini hajaona mgeni aliyepandisha mara ya kwanza. Mkaguzi aliyetoka Kinshasa alishusha. Mkuu wa shule alishusha. Papa Mpoyi, mume wake wa ndoa, bado hushusha akiwa na usingizi.

"Nani alikufundisha?" anauliza polepole.

"Nilikisia, mama."

"Unakisiaka mara ngapi kwa juma?"

Mwanafunzi anatazama dari.

"Ulitumia nini?"

"Kijiko, mama. Ule mpini wake."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Jumapili, watu wakiwa kwenye ibada."

"Sababu?"

"Ni vile Bwana Rémy anafungua, mama. Kama anafungua bunge."

Mama Mauwa anajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Mabega yanatikisika. Mwanafunzi, akidhani amemliza mtu mzima, anapiga magoti na kuanza ombi la msamaha lenye utangulizi, sehemu tatu na hitimisho. Hafiki sehemu ya pili.

"Nilikaza namna gani?" anauliza Mama Mauwa kutoka ndani ya kitenge. "Zilikuwa rahisi kufungua?"

"Hapana, mama! Zilikuwa ngumu. Kijiko cha kwanza kilipinda. Ilibidi nirudi jikoni kuchukua kingine."

Kitenge kinashuka. Uso umelowa, na unacheka.

"Rudia."

"Kilipinda, mama."

"Rudia tena, polepole."

"Kijiko. Cha chuma. Kilipinda."

Mama Mauwa anakunja kidole gumba chake, anakikunjua, anakikunja tena. "Ganzi iko," anakiambia kidole chenyewe, "lakini unakaza. Ee Mungu wangu, unakaza!" Anaketi hivyo muda mrefu, mkono wa kushoto umeushika wa kulia mapajani, akipumua kama mtu aliyetua mzigo baada ya kuvuka mji mzima.

Saa tisa Bwana Rémy anaingia, anaelezwa. Anavua miwani, anaivaa, anaivua. Kisha anakwenda dirishani, na mbele ya mashahidi arobaini waliokuwa wakingoja kwa matumaini makubwa, anafungua. Kishikio kinabaki mahali pake. Mashahidi wanafungua vitabu kwa huzuni.

"Mama, nilikuambia miaka inapita," anasema Bwana Rémy, sauti imeshuka.

"Inapita kweli, Bwana Rémy. Wacha ipite. Mimi niko na madirisha thelathini na nane."

Ni yake yote. Ameshafunga kumi na mbili, na Papa Mpoyi ameacha kuzungumzia maji ya baridi. Badala yake amemlazimisha kupeleka kidole hospitali Jumanne ijayo, naye amekubali, kwa sharti kwamba akiona dirisha bovu pale asizuiwe.

Mwanafunzi amepewa wiki tatu za kuosha vyombo vya bweni zima, kuanzia vijiko.

Mama Mauwa ana mpango mwingine, na huu haulipwi na shule. Katika kambi ya reli zimebaki nyumba kumi na moja ambazo vishikio vyake bado viko kwenye madirisha yasiyo yake. Anataka kupita moja moja, avitoe, avijaribishe, cha kushoto kirudi kushoto na cha kulia kirudi kulia, kama baba yake alivyovipokea. Wenye nyumba kumi wamekubali. Mzee Waziri, wa nyumba ya mwisho, amekataa katakata: anasema mwizi akija kwake atashusha, atahangaika, na yeye atapata muda wa kuvaa suruali.

"Nitamubembeleza," anasema Mama Mauwa. "Nikimaliza ile ya kumi na moja, ile vita itakuwa imetoka kwa madirisha yetu."

Makala yangeishia hapo, na mwandishi aliyapenda sana yakiishia hapo. Lakini Mama Mauwa alitaka asomewe kabla hayajachapwa. Jana jioni, barazani kwake, alisomewa. Alicheka kwenye mkia wa ng'ombe. Alivuta kitenge mabegani kwenye ule mkono uliopapasa. Ilipofika kwamba jina la mwanafunzi linahifadhiwa, aliinua kidole gumba.

"Linahifadhiwa na nani?"

"Na gazeti, mama. Sababu za kimaadili."

"Wiki tatu Kasuku yote walisema mukono ya Mauwa imekwisha. Jina yangu mimi, nani aliihifadhi?"

Mwandishi alimtazama Papa Mpoyi kuomba msaada. Papa Mpoyi alitazama kuku.

"Andika, mutoto. Na wino."

Naandika. Aliyelegeza visi hizo Jumapili tatu kwa vijiko vya bweni, akamwangusha Bwana Rémy, akamfanya fundi bora wa Kindu auogope mkono wake mwenyewe, kisha akajitolea kuandika habari zake ili awe karibu na asishukiwe, ni mimi, Nicole Misenga, mwaka wa nne B. Mkono wa Mama Mauwa haukukosea hata mara moja.